Mwigizaji, Kamera na Mwalimu wa Kiswahili

Katika shule zetu nyingi mchezo wa kuigiza huandaliwa mara moja au mbili kwa mwaka, na aghalabu anayeachiwa kazi hiyo ni mwalimu wa lugha. Yeye ndiye achaguaye mchezo, agawaye nafasi na asahihishaye matamshi. Na siku ya wazazi inapowadia, yeye ndiye asimamaye nyuma ya pazia akiwanong'oneza waliosahau maneno yao. Kwa sababu hiyo walimu tumejijengea fikra maalumu mintarafu ya uigizaji: kwamba mwigizaji mwema ni yule mwenye sauti kubwa, asemaye maneno yake wazi, na ambaye ishara ya mkono wake huonekana hadi benchi la mwisho. Fikra hiyo haina ubaya, kwani ndivyo jukwaa linavyotaka. Lakini vijana tunaowafundisha leo hawaoti jukwaa tu. Wanaota kioo: kioo cha sinema, cha televisheni, cha kompyuta na, zaidi ya vyote, kioo cha simu ya mkononi. Na kioo kina sheria zake.

Nia yetu katika makala haya ni kueleza kwa ufupi mafunzo ya juu ya uigizaji wa filamu yana mambo gani, na kisha kuonyesha, kwa yale tuliyoyaona huku Mbarara na Nakivale, kwa nini mafunzo hayo yanamhusu mwalimu wa Kiswahili kuliko yeye mwenyewe adhaniavyo. Sisi hatukusomea uigizaji. Tuna stashahada ya ualimu, tuna umri uliopita miaka arobaini, na nusu ya umri huo tumeimaliza darasani. Lakini masikio tunayo, na msomaji ataona kwamba katika jambo hili masikio yana kazi kubwa.

Kwanza tuitaje nchi yenyewe kwa ajili ya msomaji asiyeijua. Mbarara ndio mji mkubwa wa kusini-magharibi ya Uganda, na ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Ukitoka hapo ukaingia wilaya ya Isingiro, baada ya mwendo wa gari wa saa moja na zaidi, wingi wake vumbi, unafika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Makazi hayo yalianza mwaka 1958, na yamo miongoni mwa yale ya kale kabisa katika Afrika. Wakaao humo leo ni zaidi ya laki moja. Walio wengi ni Wakongo, na pamoja nao wamo Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Hapana uzio wala lango; familia hupewa kiwanja cha kujengea na shamba la kulima, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini. Wenyeji wanaowazunguka husema Runyankore. Sokoni, lugha ipitayo kati ya ndimi zote hizo ni Kiswahili.

Lakini Kiswahili hicho ni vingi. Mama wa Kivu husema "batu" pale ambapo kitabu chasema "watu", na "fasi" pale ambapo sisi twaandika "mahali". Mrundi ana chake alichokipata Bujumbura. Msomali aliyepitia Nairobi huja na kile cha Eastleigh, chenye haraka na mchanganyiko. Mwalimu aliyefunzwa kwa Kiswahili sanifu akisimama katika soko la Nakivale kwa nusu saa atasikia lahaja na lafudhi nyingi kuliko alizosomeshwa chuoni kwa muhula mzima.

Tena watu hawa si wageni wa filamu. Kama ilivyo katika miji yetu yote, vibanda vya video vimekuwapo huku kwa miaka mingi, na watoto wengi waliijua sinema kupitia sauti ya mtu wa pili. Huyo ni yule mfasiri ambaye huzungumza juu ya filamu ya kigeni, akamtolea kila mhusika maneno yake, akaongeza utani wake na onyo lake. Kampala linajulikana jina la VJ Jingo, ambaye hufasiri kwa Luganda. Tanzania alivuma Lufufu, na Kenya DJ Afro, wote kwa Kiswahili cha aina yao. Wasomi wamezoea kuwabeza watu hawa. Sisi twaona kwamba wao ndio waliokuwa waalimu wa kwanza wa uigizaji wa sauti katika Afrika Mashariki, kwani mtu mmoja akiweza kuwa askari, mama mkwe na jambazi katika dakika moja, na watazamaji wakamfuata bila ya kupotea, huyo amemiliki fani.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe. Uigizaji hufundishwa kwa ngazi mbalimbali, na ngazi ya uzamili ni ile ya mtu aliyekwisha pata shahada ya kwanza, ambaye hurudi kusomea ufundi huu kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Shule nyingine hufundisha jukwaa na filamu kwa pamoja. Nyingine, kama Royal Central School of Speech and Drama ya London, zina mafunzo ya uzamili yaliyokusudiwa hasa uigizaji wa filamu. Yafaa walimu wa lugha wajue kwamba shule hiyo iliasisiwa mwaka 1906 na mama mmoja aitwaye Elsie Fogerty, na msingi wake ulikuwa ni kufundisha sauti na usemaji. Humo waigizaji walisoma pamoja na watu waliokuwa wakijiandaa kuwa walimu wa usemaji, na baadaye pamoja na wale wa kutibu matatizo ya kusema. Kwa maneno mengine, shule mashuhuri ya waigizaji ilizaliwa katika nyumba ya mwalimu wa lugha.

Je, mwanafunzi hufundishwa nini huko? Kwanza hufundishwa ukaribu. Jukwaani mtazamaji yuko mita ishirini. Katika picha ya karibu kamera hukaribia uso kama vile mama amtazamavyo mtoto mgonjwa. Lililokuwa ishara ya kiasi jukwaani huwa ni kelele mbele ya lenzi. Mwanafunzi hujifunza kutulia na kuliacha wazo lipite usoni bila ya kulisukuma. Pili hujifunza mwendelezo. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Kifo chaweza kupigwa Jumatatu na arusi Alhamisi, na tendo moja hurudiwa mara kumi kwa pembe mbalimbali. Kama alikinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto katika neno la tatu, hana budi kukinyanyua hivyo hivyo mara zote kumi, na kila mara aonekane kama anayefanya kwa mara ya kwanza. Tatu hujifunza kuifikia alama ya kusimamia pasipo kuitazama, na kuelekeza macho yake mahali ambapo mwenzake angalikuwapo ijapokuwa mwenzake hayupo.

Hilo la mwisho ndilo mlango wa yale yaitwayo maigizo ya dijitali. Siku hizi mwigizaji huweza kuvishwa nguo iliyobana mwili, yenye alama ndogo ndogo, na usoni akatiwa vitone; kamera huzifuata alama hizo, na kompyuta hulichukua tendo lake na kulivika umbo jingine, la jitu au la mnyama. Au husimama mbele ya kitambaa cha kijani, akalia kwa ajili ya mji uliobomoka ambao utachorwa miezi sita baadaye. Au huketi katika chumba kisicho na mwangwi, mbele ya maikrofoni, akatia sauti yake kinywani mwa mtu wa nchi nyingine. Katika kazi hizi zote mwigizaji amepokonywa karibu kila kitu: vazi, mandhari, pengine hata mwili wake. Kinachobaki ni pumzi, sauti, mwendo, na imani yake katika kile asichokiona.

Mfano bora tulio nao katika Afrika Mashariki ni Lupita Nyong'o. Alizaliwa Mexico mwaka 1983 kwa wazazi Wakenya, akakulia Kenya, na kabla ya kusomea uigizaji kwa ngazi ya juu alikwisha onekana katika tamthilia ya televisheni iitwayo Shuga ya mwaka 2009. Kisha akaingia shule ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, na akamaliza shahada ya uzamili ya uigizaji mwaka 2012. Filamu yake kubwa ya kwanza, 12 Years a Slave, ilitoka mwaka 2013, na mwaka 2014 ikampatia tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Watu wengi huishia hapo. Lakini kwa mada yetu yafaa kutazama aliyoyafanya baadaye. Mwaka 2015, katika Star Wars: The Force Awakens, aliigiza kiumbe aitwaye Maz Kanata, mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu, akiwa amejaa vitone usoni, na sura yake mwenyewe haikuonekana. Mwaka 2016, katika Queen of Katwe, alikuwa mama wa mchezaji chesi Phiona Mutesi wa Kampala, na hapo alilazimika kujifunza lafudhi ya Kiganda, yeye Mkenya. Mwaka 2024, katika The Wild Robot, alikuwa sauti ya roboti, yaani kitu kisicho na uso wa kibinadamu kabisa. Uso wake, uso wa kuchorwa, na sauti tupu: zote ni kazi za mtu mmoja, na zote zataka mafunzo.

Katika filamu hiyo hiyo ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair, aliyekuwa binti wa mama huyo ni Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwa amewahi kuigiza filamu. Alikuwa mcheza ngoma. Hivyo aliyesoma miaka mitatu na asiyesoma hata siku moja waliwekwa katika picha moja, na mtazamaji akawaamini wote wawili. Wako watakaosema kwamba jambo hilo lathibitisha kuwa shule haina faida. Sisi twalisoma vingine. Kipawa chaweza kumfikisha mtu katika kazi moja inayofanana na maisha yake; mafunzo humpeleka katika kazi ya pili na ya kumi, zisizofanana naye.

Wapo wengine wa kwetu waliopita njia hiyo. Edi Gathegi, aliyezaliwa Nairobi, alisoma uigizaji kwa ngazi ya uzamili katika Chuo Kikuu cha New York. Chuo hicho hicho kilimfunza Ntare Mwine, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Uganda, ambaye naye yumo katika Queen of Katwe. Jina lake huwachangamsha wanafunzi wetu wa Mbarara mara tu wanapolisikia, kwa kuwa Ntare ni jina la wafalme wa Nkore, na shule yenye jina hilo, iliyoanzishwa mwaka 1956, iko papa hapa mjini.

Karibu na nyumbani ziko njia nyingine. Makerere imefundisha ngoma, muziki na tamthilia tangu mwaka 1971, na idara hiyo siku hizi ina filamu ndani yake. Bagamoyo kipo chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Mira Nair alianzisha Maisha mjini Kampala kwa ajili ya kuwafunza watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki. Na wako walioelimika kazini: marehemu Steven Kanumba alianzia katika kikundi cha Kaole cha Dar es Salaam, na alipofariki mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 28, maelfu kwa maelfu ya watu walijitokeza kumzika. Marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mtu wa Tanga, na Utanga wake hakuuacha mlangoni alipoingia mbele ya kamera. Hata hivyo, kwa kijana wa Nakivale atakaye kufika ngazi ya uzamili katika uigizaji wa filamu, mafunzo hayo yangali mbali, na yangali kwa Kiingereza.

Hapa ndipo tunapolifikia jambo lililotufanya tuandike. Miaka michache iliyopita alitujia kijana mmoja wa Nakivale. Wazazi wake walitoka upande wa Bukavu, naye alikulia makazini tangu utoto wake. Alikuwa amemaliza shahada ya kwanza hapa Mbarara, na kwa muda mrefu aliongoza kikundi cha michezo ya kuigiza kilichowaelimisha watu juu ya maji safi na chanjo. Alitaka kuomba nafasi ya uzamili ng'ambo. Shule aliyoichagua ilitaka mwombaji ajirekodi kwa video, akisema maneno ya wahusika wawili: mmoja wa tamthilia ya kale, kwa Kiingereza, mwingine wa siku hizi, kwa lugha yoyote, mradi tafsiri iandikwe chini. Kwa hili la pili alichagua Kiswahili na akaandika maneno mwenyewe. Mhusika wake alikuwa mama auzaye samaki, akizungumza na mwanawe.

"Mwalimu," alituambia, "nisikilizeni kama kuna makosa."

Tukamsikiliza Jumamosi moja darasani, sisi na walimu wenzetu wawili, simu ikiwa imeegemezwa juu ya rundo la madaftari. Makosa hayakuwapo. Ngeli zilikaa sawa, matamshi yalikuwa safi, na kama ungalikuwa mtihani tungalimpa alama za juu. Kisha tukaitazama picha. Kinywa kilikuwa kikisema habari ya njaa, lakini macho yalikuwa yakipanda juu kidogo kabla ya kila sentensi, kama ya mtu anayehesabu. Darasani hatukuliona jambo hilo, simu ililiona. Macho yalikuwa yakitafuta upatanisho wa kisarufi.

Tukamwuliza mama huyu ni wa wapi. Akajibu, "Ni wa kwetu." Tukamwuliza kama mama wa kwao angesema hivyo. Akacheka, akakaa kimya, kisha akayasema kama angeyasema yeye: "Samaki ni moja, na batu bengi banakuya. Mutoto wangu, kata tena." Hakuinua macho. Alikuwa akikitazama kisu ambacho hakikuwapo. Baina ya sentensi ya kwanza na ya pili aliacha kitambo, na katika kitambo hicho tukamwona samaki yule akigawanywa.

Palizuka mjadala, nao haukuwa mdogo. Mwalimu mwenzetu mmoja, mama mwenye miaka mingi kazini kuliko sisi, alisema kwamba video hiyo ikifika ng'ambo, watu watasema walimu wa Mbarara hawajui Kiswahili. Hoja yake ina uzito. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai mwaka 2022, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, sisi tulio wachache tumekuwa tukipigania kila kipindi na kila kitabu. Mtoto wa Nakivale hutahiniwa kwa Kiswahili sanifu. Tukilegeza hapo tutakuwa tumemnyima cheti. Mwenzetu wa pili alisema kwamba lahaja ni sawa na ngozi, na kwamba aigizaye akiwa nje ya ngozi yake haigizi, anasoma. Naye tulimwona ana haki.

Njia iliyotutoa hapo aliiona kijana mwenyewe. Akasema: mama huyu huyu akiitwa ofisini, mbele ya afisa, hasemi kama asemavyo sokoni. Hujikaza akatafuta maneno ya kitabu. Basi akaigawa hotuba yake katika sehemu mbili. Katika ya kwanza mama yuko sokoni na mwanawe, na husema kama watu wa Bukavu. Katika ya pili anaeleza shida yake kwa afisa, kwa Kiswahili sanifu. Tulipoitazama picha ya sehemu hiyo ya pili tulistaajabu. Macho yalipanda juu kabla ya kila sentensi, kama hapo kwanza. Lakini sasa hayakuwa macho ya mwigizaji anayetafuta sarufi. Yalikuwa ya mama anayeogopa kwamba akikosea neno hatasikilizwa. Lile lile lililomwua mhusika ndilo lililompa uhai, kwa sababu limepata mwenyewe. Hata yule mama mwalimu alisema irudiwe mara moja tu, ya pili, kwa kuwa aliteleza katika neno "vilivyosalia", na kisha akasema, "Hapana, mwacheni ateleze hapo hapo."

Kutokana na mambo hayo twashika msimamo huu: mwigizaji hana budi kuwa na Kiswahili chake cha nyumbani na Kiswahili sanifu, na, akiweza, viwili au vitatu vya jirani zake, na mwalimu ndiye wa kumpa uwezo wa kujua ni kipi anachokisema na kwa nini. Kumfuta mtoto lahaja yake ni kumpunguzia wahusika. Kumwacha na lahaja yake peke yake ni kumfungia katika nafasi moja ya mkimbizi maisha yake yote, kwani waongozaji wa filamu watamwita kwa hiyo tu. Lupita aliyeifunza ndimi yake lafudhi ya Kampala ametuonyesha kwamba lafudhi ni kazi ya kujifunza, kama vile kuogelea.

Msomaji atataka kujua yaliyompata kijana. Aliitwa hatua ya pili, na hatua hiyo ilitaka afike mwenyewe katika nchi nyingine. Mkimbizi hana pasipoti ya nchi yake. Hana budi kupata hati ya kusafiria itolewayo kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, na baada ya hati huja viza. Siku ya usaili ilipita kabla ya karatasi hizo kukamilika. Shule ilimwandikia barua ya heshima na kumkaribisha kuomba tena. Hivi leo yuko Nakivale, huwafunza watoto siku za Jumamosi, na huuza sauti yake kwa watu wanaotengeneza filamu fupi za mafunzo. Twaambiwa kwamba shule za ng'ambo zinafunguka: tangu mwaka 2021 shule ya tamthilia ya Yale haiwatozi ada wanafunzi wake. Ni jambo la kusifiwa. Lakini ada ni mlango mmoja tu katika nyumba yenye milango mingi, na ule wa karatasi hauko mikononi mwa shule.

Ndiyo sababu twaona kwamba mafunzo yenyewe hayana budi kusogea. Kazi ipo. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina iliyoitwa kwa Kiswahili Doudou na Mama Wakwe Zake ilionyeshwa katika televisheni ya Tanzania, wahusika wote wakisema Kiswahili, na tangu wakati huo sauti za Waswahili zimeingizwa katika tamthilia nyingi za Kichina na za Kituruki. Kila tamthilia kama hiyo yahitaji watu wawezao kuigiza kwa sauti, na watu wawezao kuwarekebisha. Vyuo vikuu vyetu, vyenye idara za Kiswahili upande mmoja wa ua na idara za sanaa upande wa pili, vingeweza kuanzisha mafunzo ya uzamili ya uigizaji wa filamu na wa sauti kwa Kiswahili, na mwanafunzi wa Nakivale angefika kwa basi.

Lipo na la tahadhari. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na moja ya madai yao lilikuwa kwamba uso na sauti ya mwigizaji visinakiliwe kwa kompyuta na kutumiwa bila ya ridhaa na malipo. Jambo hilo laonekana kuwa la mbali, lakini kijana anayeuza sauti yake kwa dakika, kwa karatasi ya Kiingereza asiyoisoma hadi mwisho, yuko katika hatari hiyo hiyo, tena bila ya chama cha kumtetea. Mwalimu wa lugha aweza kukaa naye saa moja wakaisoma karatasi hiyo pamoja. Hiyo nayo ni ufahamu wa kusoma.

Tungependa kumalizia kwa mapendekezo ambayo hayahitaji fedha. Kwanza, tuwe na msamiati. Katika mazoezi yetu tumekuwa tukitumia maneno haya, na twayaleta mbele ya wenzetu wayapime: picha ya karibu, picha ya mbali, alama ya kusimamia, mwelekeo wa macho, mwendelezo, kutia sauti, kujirekodi. Aliye na bora kuliko haya na ayalete. Pili, tusome michezo yetu ya Kiswahili kwa masikio: tukiwa darasani tuwaulize wanafunzi mhusika huyu ni wa wapi, amesoma kiasi gani, na je, angeitamka sentensi hii hivi? Tatu, muhula ujao, kabla ya mchezo wa siku ya wazazi, kila mwalimu na aweke simu moja juu ya rundo la madaftari. Mwanafunzi aseme maneno yake mara mbili, mara moja kwa ajili ya benchi la mwisho, na mara ya pili kwa ajili ya mtu aliyekaa karibu naye kuliko wote. Kisha waitazame picha pamoja, mwalimu akiwa ameiweka kalamu yake nyekundu chini, na wazungumze juu ya yale waliyoyaona.